Lori la zamani likiingia gereji, geji zitangulie redio

Katika nyumba nyingi zinazoishi kwa biashara ya mazao kati ya Omurushaka na Murongo, lori ni kama mtoto wa kwanza. Ndilo linalosomesha wadogo zake. Likiugua, ada inachelewa. Likilala njiani siku tatu, deni la dukani linaongezeka. Ajabu ni kwamba mtoto huyu mkubwa hana anayemuuliza hali yake. Baba analiendesha, fundi analifungua likishaharibika, na wengine nyumbani wanalijua kwa mlio wa honi tu.

Hapa hayazungumziwi malori mapya yenye kompyuta. Ni yale mazee: Bedford aliyoacha babu, Scania iliyounganishwa Kibaha enzi za kiwanda cha TAMCO, Isuzu iliyopita mikono mitano kabla ya kufika Kyerwa. Yanaendelea na kazi kwa sababu chuma chake ni kinene na fundi wa Nkwenda au Kaisho anaweza kuyafungua chini ya mti kwa spana na nyundo. Gunia la kahawa ya maganda haliulizi gari ni la mwaka gani.

Ugonjwa wake mkubwa uko mbele ya macho ya dereva. Dashibodi imekufa. Mshale wa mafuta umelala miaka mingi, na utingo anapima tanki kwa kijiti. Mshale wa joto haupandi wala haushuki. Geji ya oili ilitolewa, ikabaki tundu ambamo baba anachomeka risiti. Spidi inakadiriwa kwa miti inavyopita.

Akiulizwa, baba ana jibu lake tayari: "Hili gari nalijua kwa sikio." Na ni kweli, analijua. Dereva aliyekaa na injini moja miaka 20 husikia kitu ambacho mgeni hasikii, na harufu ya maji ya rejeta humfikia kabla moshi haujaonekana. Lakini sikio halirithiwi. Siku baba akiumwa malaria, usukani anaushika kijana wa nyumbani aliyepata leseni mwaka jana, au dereva wa kukodi asiye na uchungu na gari. Huyo atapandisha mlima na gunia za watu akiwa hajui chochote kinachoendelea mbele yake chini ya boneti. Geji ni sikio ambalo mtu mwingine anaweza kuazima.

Kisha fedha ya msimu inaingia, na lori linapelekwa gereji "kupendezeshwa". Kijana anataka redio yenye spika nne na taa za buluu chini ya bodi. Utingo anataka honi ya upepo. Baba mwenyewe amevutiwa na taa kubwa nne za juu ya kabini alizoziona kwenye lori la jirani. Mama, ambaye ndiye aliyeweka fedha ile kwenye simu na kuzuia mkono wa kila mtu usiiguse, anauliza swali moja tu: "Baba watoto, hivi vyote vitatusaidia nini gari likichemka mlimani?" Anaambiwa hayo ni mambo ya gereji. Si kweli. Injini ikinoki, hela ya kuifumua haitoki gereji, inatoka kwenye sanduku lake.

Mwenye kubisha aulize duka lolote la spea bei ya seti ya pistoni na metali za injini, aongeze kazi ya fundi na wiki ambazo gari halitabeba mzigo. Kisha aulize bei ya geji ya oili na ya joto. Mazungumzo ya nyumbani yangeanzia hapo, redio isingeshinda.

Injini kuukuu ya dizeli huuawa zaidi na mambo mawili, kukosa oili na kuchemka. Yote mawili hutoa taarifa mapema, ila taarifa hiyo inahitaji mahali pa kuonekana.

Tuseme oili kwanza. Malori mengi yana taa ndogo nyekundu ya oili, na watu wanaiamini. Taa ile kwa kawaida haiwaki mpaka presha imeshuka chini ya pauni 10 hivi. Ikiwaka gari likiwa na mzigo na injini inazunguka kwa kasi, metali zimeshaanza kuumia. Geji yenye mshale huonyesha kushuka kule polepole, wiki baada ya wiki, na kumpa mwenye gari muda wa kutafuta sababu. Mafundi wa zamani wana kipimo chao cha kichwani: injini ikiwa imepata moto, pauni 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Si sheria ya kila injini, lakini la muhimu zaidi ni dereva kujua kawaida ya gari lake. Mshale uliozoea kusimama 40 ukipanda mlima, ukionekana leo umesimama 25 mahali palepale, hiyo ni habari hata kama taa nyekundu haijawaka.

Zipo geji za oili zisizotumia umeme kabisa. Mrija mwembamba unatoa oili kwenye injini mpaka nyuma ya dashibodi, na presha yenyewe inasukuma mshale. Kwa lori lenye waya mbovu huu ni mpango mzuri, kwa sharti moja. Mrija upitishwe mbali na ekzosi, na pale unapotoboa ukuta wa kabini uvalishwe mpira, kwa sababu ukikatika unamwagia dereva oili ya moto miguuni huku injini ikipoteza oili yake. Anayetaka kulala usingizi mzuri anunue ya umeme.

Joto lina siri ambayo wengi hawaijui. Maji huchemka kwa nyuzi 100 yakiwa usawa wa bahari. Kwenye vilima vya Karagwe, mita 1,500 na kuendelea, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kinachoyazuia yasichemke mapema ndani ya injini ni kifuniko cha rejeta kinachobana presha. Kifuniko kikilegea, au kikibadilishwa na kitambaa na mfuko wa plastiki kama inavyoonekana kwenye magari mengi, lori linapanda mlima likiwa limepoteza kinga yake. Kwa hiyo anayefunga geji mpya ya joto anunue na kifuniko kipya siku hiyohiyo.

Na ifahamike kwamba geji ya joto inapima maji, haipimi chuma. Bomba likipasuka na maji yote yakaisha, sensa inabaki ikining'inia kwenye hewa na mshale unaweza kushuka badala ya kupanda. Dereva asiyejua anafurahi kwamba gari limepoa. Mshale ukishuka ghafla katikati ya mlima ni wa kusimamia pembeni na kuzima, sawa na uliogonga nyekundu.

Hapa ndipo ununuzi unapoingia mtego. Murongo ni mpakani. Anayetafuta spea anaweza kupanda kwenda Kayanga au Bukoba, na wengine huvuka mto Kagera kwenda Kikagati na kuendelea hadi Mbarara, kisha vitu vinapita forodha. Geji za madukani hutoka viwanda na nchi tofauti, na hazisomi lugha moja. Geji ya mafuta ya mtindo wa Kimarekani hutegemea sensa ya tanki inayotoa ohmu 240 tanki likiwa tupu na 33 likijaa. Ile ya mtindo wa VDO ya Ujerumani ni kinyume: 10 tupu, 180 likijaa. Ukiunganisha geji ya huku na sensa ya kule, tanki likijaa mshale unakwambia halina kitu. Fundi atabadilisha waya mara tatu na kulaumu betri. Dawa ni kununua geji pamoja na sensa yake, pakiti moja, na kukataa kabisa ile ya "hii nayo itaingia tu".

Jambo la pili la kuuliza kabla ya kutoa hela ni volti. Scania na malori mengi makubwa ni volti 24, betri mbili za 12 zilizofuatana. Land Rover na malori mengine madogo ya zamani ni 12. Kitu cha 12 kikifungwa kwenye 24 kinaungua palepale. Na baadhi ya magari ya Kiingereza ya kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 yana jambo jingine la kushangaza: upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Redio ya kisasa ikiunganishwa humo bila kuangalia, inakufa kabla ya wimbo wa kwanza.

Kabla ya kununua chochote, lakini, fundi mwaminifu huangalia kama geji za zamani zimekufa kweli. Magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1960 na 1970, Land Rover ikiwamo, yana kidude kidogo nyuma ya dashibodi kinachopunguza umeme wa geji kuwa volti 10 hivi. Kikiharibika, mshale wa mafuta na wa joto hupotoka pamoja, kwa mfano yote miwili kupanda kupita kiasi. Baba anaambiwa injini inachemka, anafumua rejeta bure. Kidude chenyewe ni kitu cha kushika kwa vidole viwili.

Dalili nyingine hata mama aliyekaa kiti cha abiria anaweza kuiona. Indiketa ikiwashwa na mshale wa mafuta ukaanza kucheza nayo, au taa za mbele zikiwashwa na mishale yote ikasogea, ethi ni mbovu. Umeme unarudi kwenye betri kwa kupitia bodi ya gari, na bodi ya lori lililokaa na matope ya masika miaka 40 ni kutu. Fundi akwangue mpaka chuma king'ae, afunge waya mnene kutoka betri hadi chasi, mwingine kutoka injini hadi chasi, na mwingine hadi kwenye dashibodi. Mara nyingi nusu ya "geji mbovu" hupona asubuhi hiyo.

Waya zenyewe ndizo habari ya kutisha zaidi, kwani hapo hatari si injini tu, ni moto. Ukichungulia chini ya dashibodi ya lori lililopita mafundi wengi utakuta kiota cha ndege. Waya za rangi moja, zimesokotwa kwa mkono na kufungwa mfuko wa plastiki. Fyuzi imeungua, ikavishwa ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Karatasi ile haikatiki. Fyuzi imewekwa ili ife yenyewe waya upone, na ukiinyima kufa, utaungua waya, kisha kiti, kisha kabini ambamo labda mtoto amelala akisindikiza mzigo kwenda Bukoba.

Hesabu yake si ngumu. Taa moja ya wati 55 kwenye volti 12 inavuta karibu ampea 5. Zile nne za juu ya kabini zinavuta zaidi ya 18. Umeme huo wote ukipitishwa kwenye swichi ndogo ya zamani, swichi inayeyuka. Ndiyo maana kuna rilei: swichi inatoa amri ndogo, rilei iliyo karibu na betri ndiyo inayobeba mzigo, kwa waya mnene wenye fyuzi yake. Taa za kawaida za mbele zikipewa rilei na ethi nzuri, wengi hugundua hawakuhitaji zile nne. Volti ikipungua kwa asilimia 10 njiani, mwanga wa taa ya halojeni hushuka kwa karibu asilimia 30. Lori lililoonekana na macho mabovu kumbe lilikuwa na njaa.

Lehemu nayo ina ndugu hapa wilayani. Ile inayoyeyushwa kuunganisha waya ina bati ndani yake, na bati limechimbwa Kyerwa tangu enzi za mkoloni. Kuunga waya kwa lehemu, au kwa klipu iliyobanwa vizuri, badala ya kusokota, si anasa ya mjini.

Amita ya zamani pia iangaliwe. Katika malori mengi umeme wote wa gari ulipita ndani yake, na ilitosha enzi za dainamo ndogo. Wakibadilisha dainamo kwa alternata kubwa bila kuigusa amita, waya mnene wenye moto unapita katikati ya dashibodi bila ulinzi. Voltimita ni salama zaidi na inasema mengi. Kwa lori la volti 24, injini ikinguruma, mshale ukae kati ya 27 na nusu na 29 hivi. Ukibaki 25 au chini, alternata hailishi betri, na kesho kutakuwa na kusukuma.

Mambo haya yote hayaeleweki vigumu kwa watu wa Murongo. Mto wao unaendesha mitambo ya Kikagati na Murongo, megawati 14 zinazogawanywa sawa kati ya Tanzania na Uganda. Hakuna anayesimamia mtambo ule akiwa amezifunika mita.

Sasa kuna kifaa kimoja ambacho hakimo kwenye orodha ya kijana, ya utingo wala ya baba, na ambacho mzazi angekiweka juu kabisa kama angeketi kwenye kikao cha gereji. Lori hulala nyumbani. Uani kuna watoto wa miaka miwili, mitatu, wanaocheza nyuma ya magurudumu kwa sababu kuna kivuli. Dereva akiwa juu ya kabini haoni kitu kilicho chini ya tela lake. King'ora cha kurudi nyuma na taa nyeupe ya nyuma huunganishwa na swichi ya giaboksi, kwa hiyo haviwezi kusahauliwa. Gia ya nyuma ikiingia, vinalia na kuwaka vyenyewe. Giaboksi ya zamani isiyo na nafasi ya swichi hiyo huwekewa swichi ndogo kwenye mkono wa gia. Ni kazi ya mchana mmoja. Hata kikiwepo, mtu mzima ashuke azunguke gari kwanza, maana mtoto mdogo akisikia king'ora hakimbii, anageuka kutazama.

Kinachofuata ni swichi kuu ya kukata betri, ile yenye ufunguo unaochomolewa. Baadhi ya malori ya zamani huwashwa kwa kitufe, hayahitaji ufunguo. Lori likiegeshwa na gia, mtoto akipanda kabini na kubonyeza kitufe, starta inalirusha mbele hata kama injini haijawaka. Ufunguo wa betri ukining'inia jikoni, kitufe ni kitufe tu. Usiku swichi hiyohiyo inazuia waya mbovu kuanzisha moto watu wamelala.

Taa za nyuma na za pembeni zibadilishwe kuwa za LED bila kusita, zinavuta umeme kidogo na hazifi kwa mtikisiko wa barabara ya vumbi. Indiketa zikibadilishwa, flasha nayo ibadilishwe iwe ya elektroniki, la sivyo itapepesa ovyo au itakataa kabisa kwa kuwa ile ya zamani ilihitaji mvuto wa balbu. Taa za mbele ni habari tofauti. Balbu ya LED iliyochomekwa kwenye kioo cha zamani hutawanya mwanga na kumpofusha anayekuja, ambaye kwenye kona za Kyerwa anaweza kuwa bodaboda na mama na mtoto mgongoni.

Chaji ya simu ifungwe, tena mapema, kwa sababu baba asiyepatikana saa nne usiku hulaza nyumba nzima macho. Iwe na fyuzi yake ndogo.

Na redio? Ipate nafasi yake mwisho, ikibaki hela. Safari ni ndefu na wimbo haujamdhuru mtu. Ila kwenye lori la volti 24 fundi asiiunganishe kwenye betri moja kati ya mbili, ujanja unaofanywa kila mahali. Betri ile inanyonywa peke yake na haijai tena, mwenzake anajazwa kupita kiasi, na zote mbili zinakufa kabla ya siku zake. Zipo kasha ndogo za kushusha volti 24 kuwa 12, na kijana anayetaka muziki aambiwe hilo kasha ni sehemu ya bei ya muziki. Kama ana mkono na kichwa cha mambo haya, VETA hufundisha umeme wa magari. Huenda mwanafamilia wa kwanza kuuelewa ule waya wa nyuma ya dashibodi akawa yeye.

Kazi ikiisha, fundi aombwe kitu ambacho wengi hawatoi mpaka waombwe: mchoro. Karatasi moja ya daftari inatosha, inayoonyesha waya wa rangi gani unatoka wapi na kwenda wapi, kila fyuzi ni ya nini na ya ampea ngapi. Ipigwe picha kwa simu mbili, ya baba na ya mama. Karatasi yenyewe iwekwe kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya gari, ndani ya sanduku lile lile linalotunza vyeti vya kuzaliwa vya watoto.